Kiondo cha Katani au Kikapu cha Ukili? Tazama Kitako Kwanza

Mtu akiniuliza anunue kiondo cha katani au kikapu cha ukili, humrudishia swali: utabeba nini humo, na utakibeba vipi? Begani, mkononi, kichwani, au kitakaa tu pembeni ya kitanda kikihifadhi nguo za mtoto? Wengi huwa hawajalifikiria hilo. Wameona rangi, wakapenda. Nami huwaambia rangi iwe ya mwisho, kwa sababu rangi iko ubavuni na kazi yote iko chini, kwenye kitako.

Nimekulia Tanga, baina ya vitu hivi viwili. Upande wa bara kulikuwa na mashamba ya mkonge, mmea unaotoa nyuzi za katani, safu kwa safu hadi macho yachoke; upande wa bahari kulikuwa na vibaraza vya kina bibi waliosuka ukili huku mazungumzo yakiendelea. Vyote navipenda. Lakini havifanyi kazi moja, na mtu aliyenunua kimoja kwa kazi ya mwenzake ndiye anayesema baadaye kwamba vikapu vya mkono havidumu.

Kimoja hufumwa, kingine hushonwa

Kiondo huanza na fundo. Nyuzi kadhaa hufungwa pamoja katikati, zikatawanywa pande zote mfano wa miale ya jua. Kisha nyuzi mbili huzungushwa juu yake: mmoja hupita mbele ya uzi uliosimama, wa pili nyuma yake, halafu hupishana kabla ya kuufikia uzi unaofuata. Mduara ukipanuka, nafasi baina ya miale nayo hupanuka, basi msusi huchomeka nyuzi mpya ili pasibaki pengo. Kitako kikitosha haongezi tena, na hapo mzunguko hupinda ukawa ubavu. Hakuna mshono popote. Toka lile fundo la katikati hadi ukingoni ni mzunguko uleule mmoja unaopanda.

Kikapu cha pwani kina njia nyingine kabisa. Kwanza husukwa ukili, yaani msuko mrefu, bapa na mwembamba, bila kufikiria kikapu. Makuti machanga hukatwa kabla hayajafunguka, huanikwa, kisha huchanwa kwa ukucha au sindano kuwa chane za upana mmoja. Chane hulowanishwa kidogo zisikatike, na kusuka huanza. Bibi yangu alisuka pima kwa pima, akiuviringisha ukili kama gurudumu kando ya goti lake. Gurudumu likinenepa, ndipo huamua: hili litatosha mkeka, hili kikapu. Siku ya kushona, ncha ya ukili hukunjwa, halafu ukili huzungushwa kuifuata ncha ile, ukingo juu ya ukingo, na kila ukingo hushonwa na mwenzake kwa chane nyembamba. Kikapu hicho ni ukili mmoja uliozungushwa kama ganda la konokono.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalokuonyesha pa kukagua. Kiondo kikiwa kibovu, ubovu utakuwa kwenye nafasi baina ya nyuzi. Kikapu cha ukili kikiwa kibovu, ubovu utakuwa kwenye mshono. Basi kiondo kigeuze, uinue kitako kielekee mwanga. Ukiona mwanga unapenya kama kwenye chekecheo, msusi aliharakisha: hakuongeza nyuzi za kutosha mduara ulipopanuka, na mzigo ukizoea kukaa pale, tundu litakua. Kisha sukuma fundo la katikati kwa kidole gumba. Lisisogee. Kikapu cha ukili usihangaike kukiangalia mwanga. Shika mzunguko mmoja wa ukili kwa mkono huu na wa juu yake kwa mkono mwingine, uvute taratibu kama unayefungua kitabu. Mshono ukifunguka ukaona chane zikilegea, kiache. Uchunguze pia pale ukili ulipoanzia, katikati ya kitako, kwa kuwa pale ndipo unapopindwa kwa nguvu zaidi na ndipo chane hukatika mapema.

Mzigo na mwili wa anayebeba

Umbo la kiondo halikubuniwa na mtu aliyeketi akitafuta urembo. Wanawake wa Kikamba na Kikuyu wa Kenya walibeba mizigo mgongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso. Kitu cha kukaa mgongoni hakitakiwi kiwe na pembe wala ugumu. Kinatakiwa kilale, kifuate mwili, kinywe mzigo na kutanuka. Ndiyo maana kiondo tupu hulegea na kujikunja, na kikijaa huwa cha mviringo kama kibuyu. Wakamba hukiita kyondo, wingi wake syondo. Wakikuyu husema ciondo kwa vingi. Kiswahili kimekipokea kikaingia kwenye ngeli ya kikapu na kiatu bila tabu yoyote, na viondo vikawa viondo.

Pwani mzigo ulikwenda kichwani, mkononi, au kwenye mzega: mti mmoja begani, kapu mbele, kapu nyuma. Hapo kinachohitajika ni kikapu kinachosimama chenyewe, chenye mdomo ulio wazi, ukitua unatumbukiza vitu bila kukishika. Ukili hukipa kikapu ukakamavu huo bila uzito. Kapu kubwa la ukili likiwa tupu ni jepesi kiasi cha kubebwa na mtoto kwa kidole kimoja.

Kwa hiyo, kama siku yako ni ya kutembea, kupanda daladala, kuweka daftari, kanga, chupa ya maji na mboga za jioni, chukua kiondo chenye mkanda mrefu. Kitakaa ubavuni bila kumchoma abiria mwenzako mbavuni. Kama ni cha kwenda nacho sokoni, ukitue chini mbele ya kila meza, uweke nyanya juu ya viazi na mayai juu ya nyanya, kikapu cha ukili kinakishinda kiondo kwa mbali. Nyanya ndani ya kiondo hupondwa, kwa sababu kinapoinuliwa ubavu wote hujikaza kuelekea katikati. Nimeona watu wakilaumu nyanya.

Kuna jambo moja la katani ambalo wauzaji hawalitaji. Katani mpya ina vinyweleo vikali. Ukivaa sweta au gauni la kitambaa laini, kiondo kipya kitakichuna kwa upande kinapogusa. Huisha baada ya miezi kadhaa ya matumizi, na kwa kilichosokotwa vizuri huisha mapema zaidi, lakini kama wewe ni wa nguo za hariri kila siku, tafuta kilichotiwa ngozi upande wa ndani wa mkanda na ukibebe mkononi.

Miyaa na ukindu

Watu husema ukili kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna ukili wa miyaa na kuna ukili wa ukindu, na kwa mnunuzi tofauti yake ni kubwa. Miyaa hutoka kwenye mkoche, ule mti wa makoche wenye jani lililotandazwa kama upepeo. Kwingine utasikia milala. Chane zake ni pana, ngumu, zinavumilia kuburutwa. Ukindu hutoka kwenye mkindu, jamaa wa mtende, na chane zake ni nyembamba, laini, hung'aa zikikauka, na hunywa rangi vizuri zikichemshwa nayo sufuriani. Mikeka ile mizuri ya rangi ya kulalia wageni, makawa ya kufunikia chakula, misala, hapo ukindu ndipo pake. Kapu la kubebea mihogo au makaa, hapo ni miyaa.

Ukiona pochi ya kupendeza ya ukindu Unguja, Pemba au Lamu, inunue kwa ajili ya simu na pesa, wala usiitie kilo tatu za sukari. Na ukiona kapu la miyaa lina sura ya kukwaruza, usilidharau. Litakutunzia mambo.

Rafiki yao wa tatu ni pakacha, linalosukwa kwa kuti bichi la mnazi palepale shambani, likabebewa nazi au maembe, likatupwa. Halimo kwenye ushindani huu, ila limetuachia methali nzuri kuliko vikapu vyote: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Nawe ukichagua kikapu fikiria mchukuzi. Kikapu kikubwa mno hujazwa, na kikijazwa mpini hukatika.

Maji, jua, na sabuni

Hapa nina kidonda changu. Miaka ya nyuma nilinunua kiondo chekundu na cheusi chenye mistari myeupe, kizuri sana, nikakitumia mwaka mzima, kikachafuka, nikakitia kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga. Maji yaligeuka kama damu ndani ya dakika moja. Mistari yote myeupe ikawa ya waridi, na kitako kilipokauka kilikuwa kimejikunja upande mmoja, hakikurudi. Mkanda wa ngozi ulikakamaa kama ganda.

Katani hunywa maji. Uzi wake huvimba ukilowa na kukaza ukikauka, na ukihifadhiwa na unyevu huoza kuanzia ndani, pale usipopaona. Uchafu wa kiondo hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi kisha kukamuliwa, na kiondo huanikwa kivulini kikiwa kimejazwa magazeti ili kitako kisipoteze umbo. Kabla hujanunua cha rangi, lowanisha ncha ya leso au kidole kwa mate usugue sehemu iliyofichika. Rangi ikikufuata sasa, itakufuata hadi kwenye nguo zako siku ya mvua.

Ukili una tabia tofauti, karibu kinyume. Adui yake ni ukavu. Ukikaa mahali pakavu penye jua, chane hukakamaa na kuvunjika pembeni, hasa mtu akikikunja kikapu ili kiingie kwenye sanduku. Kikinyunyiziwa maji kidogo na kuachwa saa moja, hulainika kama kilipokuwa mikononi mwa msusi. Lakini kikisahaulika stoo mahali pa joto na unyevu, koga huingia na madoa meusi hayatoki tena. Anayeishi bara kwenye ukavu akinyunyizie. Anayeishi pwani akitundike ukutani pepo zikipige.

Na samaki? Kwa samaki, nyama, au mboga zinazochuruza maji, sitakushauri kiondo wala ukili. Kuna vile vikapu vinavyosukwa kwa mikanda ya plastiki, na kwa kazi hiyo ndivyo vinavyofaa. Vinaoshwa kwa brashi na kukauka dakika chache. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, watu wengi walirudi kwenye kikapu kwa mara ya kwanza tangu utotoni, na hivi vya mikanda vilikuwa miongoni mwa vilivyowahi kuwafikia. Navyo vimesukwa kwa mkono, na msusi wake anakula kwa jasho lake. Ninachokataa ni kimoja tu: usiuziwe cha mikanda kwa bei ya ukili, wala usikiache juani, maana plastiki ikipigwa na jua muda mrefu huwa kavu na kukatika ghafla.

Ugeni wa katani

Wako wanunuzi wanaotaka "kiondo halisi cha jadi", na wakisikia kimechanganywa uzi wa dukani wanakirudisha mezani kwa dharau. Nawaelewa, ila wajue kwamba katani yenyewe ni mgeni. Mkonge asili yake ni Meksiko. Ulifika Tanganyika mwaka 1893, ulipoletwa kutoka Florida na mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika na safari, na kutoka hiyo yakaja mashamba ya Tanga yote niliyoyaona nikiwa mtoto. Kabla ya hapo viondo vilisokotwa kwa nyuzi za magome, likiwemo la mbuyu. Wanawake walipoona mkonge una uzi mrefu, mgumu, na unaota hata Kitui na Makueni ambako mvua ni ya kubahatisha, waliuchukua wakaupanda ukawa hata ua wa kuzungushia shamba. Maarifa ya kusokota ni ya zamani kuliko uzi unaosokotwa.

Basi uzi wa dukani sio kosa kwa kuwa ni mgeni. Kosa ni kukuambia ni katani wakati si katani. Kiondo cha uzi wa sintetiki ni laini, hakichuni nguo, kina rangi kali, na huoshwa kwa urahisi zaidi. Kikibeba mizigo mizito hata hivyo hunyooka na kushuka hadi kupiga magotini. Ukitaka kujua, omba kinyuzi kidogo kilichobaki ndani ya ukingo, ukiwashe kiberiti mbali na kikapu. Katani huwaka kama karatasi na kuacha majivu. Sintetiki huyeyuka, hujikunja ikawa kishanga kigumu, na harufu yake utaijua.

Dalili nyingine naipenda zaidi. Uzi wa katani uliosokotwa kwa mkono haulingani sawasawa. Nilikaa mara moja kwenye basi la kwenda Machakos kando ya mama mmoja aliyekuwa na kiondo kilichofika nusu. Alitoa nyuzi za katani mfukoni, akazilaza mafungu mawili juu ya paja, akayasukuma mbele kwa kiganja mara moja, yakajisokota kila moja peke yake. Akarudisha kiganja nyuma, yakapishana yakawa uzi mmoja. Mbele, nyuma. Uzi ulipokaribia kwisha alichomeka nyuzi nyingine mwishoni na kuendelea, bila fundo. Basi lilikuwa linaruka kwenye matuta na hakutazama mikono yake hata mara moja. Pale alipochomeka, uzi huwa mnene kidogo, na vidole vyako vikipita juu ya kiondo kilichokamilika vitayakuta maungio hayo madogo huku na huku. Kiondo ambacho kila uzi una unene uleule toka kitako hadi ukingo kimesukwa kwa uzi wa mashine, hata kama mikono iliyosuka ni ya mtu.

Vya nyumbani visivyosafiri

Kama kikapu chako hakitatoka nyumbani, usihangaike na kiondo wala ukili. Tafuta cha Iringa. Wanawake wa Kihehe huvisuka kwa milulu, matete membamba ya kwenye majimaji, na vina ugumu wa kusimama miaka mingi pembeni ya mlango vikiwa na vitunguu, mkate au nguo chafu. Vilianza kama vyombo vya nafaka na unga, na bado hewa hupita ndani yake vizuri. Usivikunje tu, maana mlulu ukishavunjika haurudi.

Agaseke ya Rwanda, ile yenye kifuniko kilichochongoka, ni ya zawadi. Fungu la nyasi hukazwa kwa uzi wa katani, mzunguko juu ya mzunguko, kwa sindano, na kazi yake ni ya polepole kuliko zote nilizozitaja. Heshima yake ni kubwa kiasi kwamba imo kwenye nembo ya taifa ya Rwanda ya mwaka 2001. Ya kuwekea hereni na barua, sawa.

Bei na umri

Kikiwekwa kando ya kingine cha ukubwa uleule, mara nyingi kiondo cha katani kilichotiwa ngozi kitakuwa ghali kuliko kikapu cha miyaa. Sehemu ya tofauti hiyo siyo ya msusi hata kidogo, ni ya ngozi, bitana na vifungo. Ukitaka fedha yako ifike kwenye mikono iliyosuka, nunua kiondo kitupu bila mkanda, ukipeleke mwenyewe kwa fundi viatu. Utachagua urefu wa mkanda, na utamwambia apitishe ngozi ndani na nje ya ukingo badala ya kugonga ribiti mbili juu ya uzi mtupu, ambazo ndizo zinazopasua viondo vingi vizuri kabla ya siku zake.

Kwa umri, katani iliyotunzwa vizuri humshinda ukili. Ila ukili hurekebishika, na hapo mizani hubadilika. Kiondo kikitoboka kitako utakishonea kiraka cha ngozi, basi. Kikapu cha ukili kikilika chini, mzunguko uliooza hufumuliwa, ukili mpya ukashonwa mahali pake. Kapu la bibi la kuendea sokoni lilibadilishwa kitako mara tatu ninazozikumbuka, na mpini wa kamba sijui mara ngapi. Ubavu ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya rangi, kitako kilikuwa cheupe, na hakuna aliyeona ajabu.

Kabla hujalipa, fanya jambo moja ambalo wasusi wenyewe hawalichukii. Omba vitu vizito vilivyo karibu, kilo tano hivi, viazi au mawe ya kupimia, vitie ndani, ukiinue na ukiache kining'inie mkononi huku mkihesabu hadi ishirini. Usitazame mapambo. Tazama mpini unapoungana na ukingo, kisha uiname utazame kitako. Kizuri kitashuka kidogo mara moja na kutulia. Kibaya kitaendelea kushuka.